Damu ya mzee na masikio yake: kipimo kinasema nini hasa

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la familia la WhatsApp usiku wa Ijumaa, ukiwa umeshapita mikononi mwa watu wengi. Ulisema wanasayansi wamepata kipimo cha damu kinachoonyesha "umri halisi" wa mtu, na kwamba damu hiyo hiyo inaonyesha nani atakuwa kiziwi uzeeni. Chini yake palikuwa na namba ya simu na bei. Kabla ya saa sita ndugu zangu walikuwa wameanza kuchangishana ili Mama Mkubwa, mwenye miaka 71, apelekwe akapimwe.

Mama Mkubwa ndiye aliyetufanya sote tuushike ujumbe ule. Kwa miaka miwili hivi amekuwa na neno moja kila tunapokusanyika kwake Tanga: "Nasikia mnasema, ila sisikii mnachosema." Wajukuu wanampa shikamoo haitikii, nao wanadhani amewakasirikia. Redio yake inasikika hadi kwa jirani wa tatu. Na ukimpazia sauti, anakuuliza mbona unamfokea.

Nimelifuatilia jambo hili kwa ajili yake, nikasoma, nikauliza wanaojua. Ujumbe ule haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa ukweli uliokatwa vipande kisha ukashonwa vibaya, na watu wengi sasa wanakaribia kutoa pesa kwa sababu ya mshono huo. Naomba tuufumue.

Tuanze na maneno yenyewe

Kila mtu ana umri wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kalenda, ule ulio kwenye kitambulisho. Wa pili, ambao watafiti wanauita umri wa kibiolojia, ni hali ya mwili wenyewe: mishipa imekakamaa kiasi gani, figo zinachuja vipi, kinga ina nguvu gani. Huu wa pili tunaujua hata bila maabara. Tunasema fulani amechakaa mapema, fulani hazeeki. Daladala mbili zilizotoka kiwandani mwaka mmoja, moja ikapita lami na nyingine makorongo, hazina umri mmoja hata kama kadi zao zinasema hivyo.

Kiashiria cha damu ni kitu chochote kinachopimika ndani ya damu kikatupa habari za mwili: sukari, mafuta, idadi ya chembe nyeupe, protini fulani. Kiashiria ni moshi. Kinakuambia kuna kitu kinaungua mahali, lakini hakikuambii kila mara kama ni paa lako au ni jirani anachoma takataka.

Na uziwi wa uzee, ambao madaktari wanauita presbikusisi, ni usikivu unaopungua polepole, kwenye masikio yote mawili, ukianzia kwenye sauti nyembamba. Neno "uziwi" linatupotosha kidogo, kwa sababu wengi wao hawajawa viziwi. Shirika la Afya Duniani linasema usikivu ni wa kawaida mtu akiweza kusikia sauti ya desibeli 20 au ya chini kuliko hiyo. Mazungumzo ya kawaida sebuleni ni kama desibeli 60. Mzee anaweza kuwa katikati ya namba hizo mbili kwa miaka mingi, akisikia nusu ya kila kitu, na asijue wala asijulikane. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2021 inakadiria kuwa ifikapo 2050 watu karibu bilioni 2.5 duniani watakuwa na upungufu wa usikivu wa kiwango fulani. Kwa waliovuka miaka 60, zaidi ya robo wana upungufu wa kuwatatiza maisha.

Kinachochakaa sikioni

Sauti ikiingia hugonga ngoma ya sikio, ngoma ikasukuma vifupa vitatu vidogo kuliko vyote mwilini, navyo vikasukuma maji yaliyo ndani ya koklea. Koklea ni kiungo chenye umbo la konokono, kimejiviringa mara mbili na nusu hivi, na ndani yake kumepangwa seli zenye vinyweleo. Vinyweleo vikiyumba, seli hupeleka habari kwenye mshipa wa fahamu, na ubongo ukasema: hiyo ni sauti ya mwanangu.

Kila sikio lina seli hizi kama 15,000 tu. Nasema "tu" kwa sababu jicho lina vipokezi vya mwanga zaidi ya milioni 100. Tena hizi za sikio hazioti upya. Kuku akiharibikiwa na zake huota nyingine. Sisi hatuna bahati hiyo. Ulizozaliwa nazo ndizo hizo hizo mpaka mwisho.

Zimepangwa kama vibao vya marimba. Zilizo mlangoni mwa koklea hupokea sauti nyembamba, zilizo ndani kabisa hupokea sauti nene. Umri unaanza kuzila zile za mlangoni, kama mkeka unavyoanza kufumuka pale watu wanapokanyagia wakiingia.

Katika Kiswahili jambo hili lina sura yake, na hapa ndipo nilipomwelewa Mama Mkubwa kwa mara ya kwanza. Karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu, na irabu ni sauti nene zenye nguvu, zinazotua kule ndani ambako seli bado zipo. Konsonanti kama s, sh, f, th, t, k na ch ni nyembamba na hafifu, nazo ndizo zinazopotea. Chukua maneno saa, taa, kaa, faa. Mwenye usikivu wa namna hii husikia "aa" mara nne. Mjukuu akisema "shangazi kafika", kinachomfikia bibi ni wimbo wa irabu, a-a-i, a-i-a, naye abaki kubahatisha. Kwa hiyo maneno "nasikia mnasema, ila sisikii mnachosema" ni maelezo sahihi ya ugonjwa, sahihi kuliko ninavyoweza kuyaandika mimi. Na sauti za watoto ni nyembamba kuliko za wanaume wazima, ndiyo maana mzee huyo huyo husikizana vizuri na kaka yake lakini hamsikii mjukuu. Watu wakiona hivyo husema anasikia anachotaka. Si kweli, na ni maneno ya kuumiza.

Kuna pia suala la kufoka. Baadhi ya seli zile kazi yake ni kukuza sauti ndogo na kuziacha sauti kubwa zilivyo. Zikifa, sauti ndogo hutoweka, lakini kubwa hubaki kubwa vilevile. Nafasi kati ya "sisikii" na "unanipigia kelele" inakuwa nyembamba sana. Tena ukipaza sauti unazikuza zaidi irabu, ambazo tayari anazisikia, na konsonanti unazifunika.

Damu inaingiaje hapo

Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niache kuudharau ule ujumbe.

Koklea ni kiungo chenye njaa. Ukutani mwake kuna ukanda uliojaa vishipa vidogo vya damu, na kazi ya ukanda huo ni kutengeneza maji yenye potasiamu nyingi na kuyapa chaji ya umeme ya milivolti 80 hivi. Ni betri. Seli zenye vinyweleo hufanya kazi kwa chaji hiyo, kama tochi inavyotegemea betri zake. Betri ikichoka, hata seli zilizo hai hufifia. Kwa baadhi ya wazee kinachoanza kuharibika ni ukanda huu, kwa wengine ni seli, kwa wengine ni mshipa wa fahamu, na kwa wengi ni mchanganyiko wa vyote.

Damu ya kulisha betri hii hupita kwenye mshipa mmoja mwembamba usio na mchepuko. Fikiria nyumba iliyo mwisho wa kichochoro cha mji wa kale, isiyo na mlango wa uani. Mkokoteni mmoja ukikwama kichochoroni, maji hayafiki, mkaa haufiki. Kwa hiyo kinachoharibu mishipa midogo popote mwilini, kiwe sukari, presha, sigara au mafuta, kina njia ya kulifikia sikio la ndani. Na mengi ya hayo huacha alama kwenye damu.

Sukari ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu wazima zaidi ya 5,000 waliopimwa masikio, wakaona upungufu wa usikivu ulikuwa kama mara mbili zaidi kwa wenye kisukari kuliko kwa wasio nacho. Kipimo kinachoonyesha sukari ya muda mrefu kinaitwa HbA1c. Chembe nyekundu ya damu huishi kama siku 120, na katika muda huo sukari huigandia polepole. Ukipima imegandiwa kiasi gani, unasoma sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, hata kama mtu alifunga kula asubuhi hiyo ili apate namba nzuri.

Kingine ni inflamesheni. Ukijikata kidole huvimba, hupata joto, huwa chekundu: hiyo ni kinga ikifanya kazi, na ikimaliza huondoka. Uzeeni hutokea kwamba haiondoki kabisa. Inabaki kama makaa chini ya majivu, hayawaki lakini hayazimiki. Mtafiti wa Italia, Claudio Franceschi, ndiye aliyeipa hali hiyo jina mwaka 2000, na sasa inahusishwa na magonjwa mengi ya uzee. Kwenye damu huonekana kupitia protini iitwayo CRP na idadi ya chembe nyeupe. Huko Hertfordshire, Uingereza, watafiti walifuatilia wazee na mwaka 2012 wakaripoti kuwa waliokuwa na viashiria vya juu vya inflamesheni walielekea kuwa na usikivu duni zaidi.

Kisha kuna hizo zinazoitwa saa za umri. Mwaka 2013 Steve Horvath wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alionyesha kwamba alama ndogo za kikemia zinazobandikwa juu ya vinasaba hubadilika kwa mpangilio kadiri mtu anavyozeeka. Akatumia sehemu 353 za vinasaba, akaweza kukisia umri wa mtu kwa kosa ambalo kwa kawaida halikufika miaka minne. Mwaka 2018 Morgan Levine na wenzake wakatengeneza saa nyingine inayojengwa juu ya vipimo tisa vya damu pamoja na umri wa kalenda. Ukivitazama vipimo hivyo utashangaa: sukari, albumini, kreatinini ya figo, CRP, hesabu za chembe za damu. Vingi ni vipimo ambavyo maabara ya hospitali ya mkoa huvifanya kila wiki. Kinachoongezwa ni hesabu ya kuviunganisha. Watafiti wanaotafuta uhusiano wa umri huo na masikio hupenda kutumia takwimu za uchunguzi mkubwa wa afya wa Marekani, NHANES, kwa sababu humo mtu yule yule hutolewa damu na kupimwa masikio.

Haya yote ni kweli. Basi kwa nini nikawaambia ndugu zangu wasitume ile pesa?

Pale ukweli ulipokatwa vibaya

Damu hutolewa mkononi. Imepita kwenye ini, figo, mapafu, misuli, utumbo, na sehemu ndogo mno ikapita sikioni. Chota maji ya Mto Pangani pale unapoingia baharini: utajua huko juu mvua imenyesha na udongo unamomonyoka, lakini hutajua ni shamba la nani lililobomoka tuta. CRP iliyopanda inaweza kuwa ni jino bovu, ni goti, ni mafua ya juzi. Zaidi ya hapo, kati ya damu na maji ya sikio la ndani kuna kizuizi kinachochagua nini kiingie na nini kibaki nje. Sikio halimwagi habari zake hovyo kwenye damu.

Watafiti wanajaribu kupata kiashiria kinachotoka sikioni kwenyewe. Kimojawapo ni prestini, protini inayozipa baadhi ya seli zenye vinyweleo uwezo wa kujinyoosha na kujikunja, iliyogunduliwa mwaka 2000. Wazo ni kwamba seli zikiumia, prestini itaonekana kwenye damu. Ni wazo zuri na linastahili kufuatiliwa. Lakini liko kwenye utafiti. Halijawa kipimo cha kumfanyia mama yako.

Kosa la pili ni la kuchanganya vitu vinavyokwenda pamoja na vitu vinavyosababishana. Mvi na uziwi huja pamoja. Ukipaka mvi piko zitakuwa nyeusi, na usikivu utabaki pale pale. Kiashiria cha damu kinaweza kuwa kama mvi: kinaandamana na umri tu. Tafiti nyingi za eneo hili ni picha ya siku moja, damu na masikio vimepimwa pamoja, na picha haikuambii nani alitangulia kuingia chumbani. Inawezekana hata mambo yamekwenda kinyume: mtu asiyesikia huacha kwenda harusini, huacha vikoba, hukaa ndani, hatembei, sukari ikapanda, na damu ikazeeka kwa sababu ya masikio.

La tatu ndilo linalowapata watu wengi. Utafiti huzungumza juu ya kundi, na wewe una mtu mmoja. Mwezi wa nne Tanga hunyesha kuliko mwezi wa pili, lakini hilo halikuambii kama kesho nguo zako zitakauka. Wapo wenye kisukari cha miaka ishirini wanaosikia sindano ikianguka, na wapo wenye damu safi kabisa ambao hawasikii kengele ya mlango.

Tena ipo kelele, ambayo haiachi alama yoyote kwenye damu ya kukuambia mtu amepitia nini. Mama Mkubwa alifanya kazi kwenye korona, mashine ya kuchambua mkonge, tangu msichana mpaka alipozaa mtoto wa tatu. Siku zile hakuna aliyempa cha kuziba masikio. Maabara haiwezi kusoma miaka ile kwenye chupa ya damu, ila chati ya masikio inaweza kuionyesha.

Daktari wa masikio wa New York, Samuel Rosen, alilifikiria jambo hili alipokwenda miaka ya 1960 kwa Wamabaan, karibu na mpaka wa Ethiopia, eneo ambalo leo liko Sudan Kusini. Aliwakuta wanaishi kwenye ukimya ambao wengi wetu hatujaujua, na matokeo aliyochapisha mwaka 1962 yalionyesha wazee wao wakisikia vizuri kuliko wenzao wa umri huo Marekani. Presha zao pia hazikupanda na umri. Watu huutaja utafiti huu kama ushahidi kwamba ni kelele tu, lakini Rosen mwenyewe aliitazama mishipa ya damu pia, na nadhani alikuwa sahihi kuviangalia vyote viwili. Udhaifu wake ni kwamba watu wale hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, hivyo umri wa wazee ulikadiriwa. Hata umri wa kalenda, ambao tunauona rahisi, ulileta ubishi.

Kuhusu kusafisha damu

Kwenye kundi letu mtu aliuliza: kama damu ndiyo inayoharibu masikio, si tumnunulie dawa ya kusafisha damu? Dawa hizi zinauzwa stendi, sokoni, mitandaoni, na sasa wauzaji wamezipa maneno mapya ya "kurudisha umri wa damu". Damu husafishwa na ini na figo, usiku na mchana. Hakuna chupa ya majani iliyothibitishwa kurudisha seli za koklea, na baadhi ya mchanganyiko huo huziumiza figo zile zile zinazofanya kazi ya kusafisha.

Kuna jaribio moja la kweli ambalo wauzaji wa vidonge hulipenda, na ni haki kulieleza lote. Uholanzi, watu 728 wenye umri wa miaka 50 hadi 70 waliokuwa na homosisteini ya juu kwenye damu (kemikali ambayo hupanda mtu akipungukiwa na vitamini iitwayo foliki) walipewa kila siku ama asidi ya foliki ama kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Usikivu wa sauti nene ulishuka kwa desibeli 1.0 kwa waliopata foliki na 1.7 kwa wasiopata. Kwenye sauti nyembamba, zile ambazo uzee huanza nazo, hakukuwa na tofauti. Na Uholanzi wakati huo haikuwa ikitia foliki kwenye vyakula. Kwa hiyo jaribio linasema kwamba mwenye upungufu akirekebishiwa anaweza kupata faida ndogo sana. Halisemi kwamba vidonge hufungua masikio.

Kitu kinachoingia kwenye damu na kikayaumiza masikio waziwazi ni baadhi ya dawa za hospitali. Waliomeza kwinini enzi zile za malaria wanakumbuka masikio yalivyovuma. Gentamisini na streptomisini zinaweza kuua seli zenye vinyweleo moja kwa moja, na kanamisini iliyokuwa ikichomwa kwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu iliwaacha wengi na uziwi kabla Shirika la Afya Duniani halijaacha kuipendekeza. Baadhi ya dawa za saratani zina hatari hiyo pia. Usiache dawa kwa kusoma makala hii. Mwambie tu daktari kama mgonjwa ni mzee, figo zake si nzuri, au masikio yameanza kuvuma.

Nini kinapimwa, basi

Masikio hupimwa kwa masikio. Mtu hukaa kwenye chumba kimya, huvaa spika za masikioni, hubonyeza kitufe kila anaposikia mlio. Hakuna sindano. Matokeo huchorwa kwenye chati: duara jekundu kwa sikio la kulia, alama ya X ya bluu kwa la kushoto, sauti nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Kwa uziwi wa uzee mstari huanza vizuri kisha huteremka kama kilima upande wa sauti nyembamba.

Kabla ya hapo mtu lazima achungulie ndani ya sikio. Naliweka hili kwa msisitizo kwa sababu ya yaliyotupata. Mama Mkubwa alikuwa ameshakwenda hospitali mara mbili, akaambiwa "ni uzee, Mama, zoea," bila mtu kuwasha taa na kuangalia. Alipoangaliwa hatimaye, sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na nta iliyokauka, imesukumwa ndani na vijiti vya pamba vya miaka mingi. Ililainishwa, ikatolewa. Hakuna saa ya umri wala kipimo cha vinasaba ambacho kingeiona nta ile.

Chini ya nta kulikuwa na uziwi wa uzee wa kweli, masikio yote mawili, na anahitaji shimesikio, kifaa kidogo cha kuvaa sikioni kinachokuza sauti. Wengi huogopa kwamba kifaa hicho kitayafanya masikio yawe mavivu. Hofu hii haina msingi: kifaa kinaupelekea ubongo sauti ulizozikosa, na ubongo huchukua wiki kadhaa kuzizoea tena, ndiyo maana siku za mwanzo vijiko na maji ya bomba husikika vikali mno na watu wakakitupa droo.

Kuna pia suala la kusahau. Tume ya jarida la tiba la Lancet, katika ripoti yake ya 2024, iliweka upungufu wa usikivu miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na ambayo yanaweza kushughulikiwa. Jaribio la Marekani liitwalo ACHIEVE, la 2023, liliwapa vifaa na mafunzo baadhi ya wazee 977 wa miaka 70 hadi 84 na kuwafuatilia miaka mitatu. Kwa wote kwa jumla hakukuonekana tofauti ya kushuka kwa akili. Kwa wale waliokuwa na hatari kubwa tangu mwanzo, kushuka kulipungua kwa asilimia 48. Sitaahidi mtu kwamba kifaa kitamkinga na kusahau. Ila mzee anayebahatisha kila neno mchana kutwa anachoka akili, na hilo nimeliona kwa macho.

Jambo la kutokungoja ni uziwi wa ghafla. Sikio likizima ndani ya saa chache au siku mbili tatu, hasa moja tu, hiyo si kazi ya uzee. Ni dharura, na dawa hufaa zaidi zikianza mapema. Vivyo hivyo usaha, kizunguzungu kikali, au sikio moja kuwa baya sana kuliko jingine.

Damu ya Mama Mkubwa ilipimwa pia, vipimo vya kawaida, kwa sehemu ndogo ya ile pesa iliyochangwa. Sukari ilikuwa juu, na hakuna aliyejua. Kushusha sukari hakutaotesha seli zilizokufa, lakini kuna mshipa mmoja mwembamba unaolisha zilizobaki, na macho, na figo, na miguu.

Siku hizi anayempa shikamoo humgusa bega kwanza, akasimama uso ukiwa upande wa dirisha ili bibi aone midomo, akazima feni, akasema taratibu kwa sauti ya kawaida. Anaitikia. Kwenye kalenda ya ukutani nimeandika tarehe mbili. Ya kwanza ni baada ya miezi mitatu, kurudia HbA1c, kwa kuwa chembe nyekundu zinahitaji muda huo zipishane na mpya. Ya pili ni mwakani, kupima masikio.